Abiria wa Soga Atapanda Saa Ngapi?

Karatasi ya nauli za treni ya umeme ni fupi, lakini mimi huisoma taratibu, kama mtu anayesomewa majina ya ukoo wake. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipoitangaza mwaka 2024, Dar es Salaam ilikaa juu, kisha yakashuka majina ya vituo: Pugu Sh1,000, Soga Sh4,000, Ruvu, Ngerengere, Morogoro Sh13,000, Mkata, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, hadi Dodoma, Sh31,000. Siku ile watu karibu wote walikimbilia jina moja. Mitandaoni mjadala ulikuwa wa Dodoma: nauli ya basi ni kiasi gani, ya ndege ni kiasi gani, nani atahama na nani atabaki. Macho yangu yalinasa kwenye Soga.

Soga ipo mkoa wa Pwani, kituo cha pili ukitoka Dar es Salaam. Mtu wa Soga hana haja ya kufika Dodoma kabla ya chakula cha mchana. Ana kibarua Kariakoo, au ana mtoto anayesoma chuo mjini, au ana miadi ya kliniki Muhimbili saa mbili asubuhi. Mwendokasi wa kilomita 160 kwa saa ni jambo zuri, anaufurahia kama Mtanzania mwingine yeyote, ila swali lake la kila siku ni dogo na la zamani kama reli yenyewe: treni ni ya saa ngapi? Na nikiikosa, ijayo ni ya saa ngapi? Na usiku nitarudi na ipi?

Nakusudia kukaa na swali hilo leo, kwa sababu naamini mustakabali wa reli yetu ya abiria umelala ndani yake.

Kwanza tukipe kilichofanyika heshima yake. Jiwe la msingi la kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro liliwekwa Aprili 2017. Juni 14, 2024 abiria wa kwanza wa kulipa nauli walisafiri hadi Morogoro, na mwezi uliofuata treni zikafika Dodoma. Reli ya kiwango cha kimataifa yenye upana wa milimita 1,435, nyaya za umeme juu yake, mahandaki katika milima ya Kilosa, madaraja marefu yanayoingia katikati ya jiji. Vipande viwili vya kwanza vimegharimu zaidi ya dola bilioni 3 za Marekani. Safari ya Morogoro ambayo kwa basi humla mtu saa nne, na foleni ya Kimara au Chalinze ikikaza hata sita, sasa ni chini ya saa mbili kwa treni ya moja kwa moja. Nimewaona wazee wakishuka Morogoro wakitazama saa zao mara mbili.

Kazi hiyo imekwisha na imefanyika vizuri. Inayofuata haina makatapila, wala sherehe ya kukata utepe. Ni kazi ya watu wachache kukaa mezani na karatasi, rula na penseli wakichora mistari ya treni: hii inaondoka hapa, inapishana na ile pale, inafika saa fulani, basi dogo linaisubiri nje. Kazi hii ya kupanga ratiba hapa kwetu huja mwisho, baada ya mabehewa kuwasili bandarini. Kwa wenzetu waliofaulu, ndiyo iliyotangulia kila kitu.

Uswisi ni nchi ndogo yenye milima mingi, na Waswisi hawakukimbilia treni za kasi kubwa kama Ufaransa au Japani. Mwaka 1982 walianza ratiba ya kujirudia nchi nzima: treni ya njia fulani inaondoka kila saa katika dakika ileile, asubuhi, mchana na jioni. Miaka mitano baadaye, Desemba 1987, wananchi wakapiga kura ya kukubali mpango mkubwa wa reli ulioitwa Bahn 2000. Kinachonivutia ni namna mpango ule ulivyofikiriwa. Walianza kwa kuchora ratiba waliyoitaka: treni zote ziingie kwenye stesheni kubwa, kama Zürich na Bern, dakika chache kabla ya saa kamili, abiria wabadilishane, kisha zote ziondoke dakika chache baadaye. Ili hilo liwezekane, safari ya kutoka stesheni kubwa moja hadi nyingine ilipaswa iwe pungufu kidogo ya saa nzima. Kati ya Zürich na Bern ilizidi hapo. Ndipo wakajenga kipande kipya cha kilomita 45, kati ya Mattstetten na Rothrist, na Desemba 2004 safari ikashuka chini ya saa moja. Kasi waliinunua kwa kipimo, pale tu ratiba ilipoidai.

Nilipolielewa hilo kwa mara ya kwanza, nilifikiria daladala. Hakuna mtu wa Dar es Salaam anayeuliza ratiba ya daladala. Unatoka nyumbani ukijua litakuja, na likijaa, lipo jingine nyuma yake. Ndiyo maana, pamoja na joto na kusukumana, daladala limetawala maisha yetu miaka yote hii: linamwachia mtu uhuru wa kutopanga. Treni haiwezi kupita kila dakika tano kwenda Ruvu, lakini inaweza kumpa abiria jambo la karibu na hilo: dakika moja isiyobadilika, ambayo mtu akiijua leo ataijua mwaka mzima.

Hapa linaingia jambo la kiufundi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Reli yetu mpya ni ya njia moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro njia kuu ina kilomita 205, na nyingine 95 hivi ni njia za kupishania na za stesheni, ndizo zinazofanya watu waseme kilomita 300. Kwenye njia moja treni mbili zinazokabiliana zinaweza kupishana mahali penye njia ya pembeni tu. Kwa hiyo ratiba na ardhi vimefungwa pamoja. Chukua mfano rahisi: treni inaondoka Dar es Salaam kila saa, na nyingine inaondoka Morogoro kila saa. Kila treni itakutana na mwenzake wa upande wa pili kila baada ya nusu saa. Njia ya kupishania lazima iwepo pale hasa zinapokutana, la sivyo moja itasimama porini ikisubiri, na abiria watachungulia dirishani wakiulizana kulikoni. Aliyechora mahali pa kupishania ameshachora ratiba, ajue asijue. Na reli hiyohiyo tangu 2025 inabeba mizigo pia, nayo haina haraka ya treni ya abiria; itahitaji pembeni pa kusubiria na saa zake za kupita.

Nimejaribu kuchora mwenyewe, kwa penseli, kwa kiwango cha mtu wa gazeti. Treni za umeme ambazo watu wameziita mchongoko, kwa ile pua yake iliyochongoka, zilinunuliwa seti 10, kila seti ina mabehewa manane na nafasi ya abiria 589. Tuseme treni ya haraka ya Dodoma, inayosimama Morogoro tu, inatumia saa tatu na nusu, ipumzike nusu saa, igeuze. Kwenda na kurudi ni saa nane. Kwa seti nne, unapata treni ya Dodoma kila baada ya saa mbili, kutwa. Sasa tuseme treni ya kusimama vituo vyote hadi Morogoro inatumia saa mbili na robo, ipumzike dakika 45, igeuze: kwenda na kurudi saa sita. Kwa seti tatu, unapata treni ya vituo vyote kila baada ya saa mbili. Ukizipishanisha hizo mbili, Morogoro inapata treni kila saa. Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere zinapata treni kila saa mbili, tangu alfajiri hadi usiku. Umetumia seti saba. Tatu zimebaki kwa matengenezo, usafi na msongamano wa sikukuu, na hapo hujagusa yale mabehewa ya kuvutwa na kichwa.

Wahandisi wataipiga msasa hesabu yangu, na ni haki yao. Watasema umeme, watasema magurudumu yanaisha, watasema mizigo. Watakuwa sahihi. Umeme peke yake umeshatupa somo: Julai 2024, wiki ya kwanza kabisa ya safari za Dodoma, treni ilisimama kwa saa mbili njiani baada ya wanyama kugusa nyaya, ngedere na bundi kama Shirika la Reli, TRC, lilivyoeleza wakati ule. Ratiba nzuri huachiwa nafasi ya kupumua kwa ajili ya siku kama hizo. Lakini ninachokitafuta kwenye hesabu ile ni ukubwa wa jambo. Treni ya Soga ya kila saa mbili si ndoto ya kukopea mabilioni mengine. Chuma tunacho. Kilichobaki ni kuamua kwamba mtu wa Soga ni abiria kamili, sawa na mtu wa Dodoma.

Tulishawahi kuona nguvu ya uamuzi wa namna hiyo. Oktoba 2012, kwa mabehewa yaliyochakaa na reli za zamani, jiji la Dar es Salaam lilianza treni ya abiria wa kila siku kati ya mjini na Ubungo, na nyingine kwenye TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Watu wakaipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, treni ya Mwakyembe. Haikuwa na viyoyozi. Asubuhi ilijaa hadi milangoni, na bado watu wa Tabata Relini na Buguruni waliipenda, kwa sababu ilipita kando ya foleni wakati magari yamelala barabarani. Treni ile ilitoa jibu la swali ambalo wataalamu huagiza tafiti ndefu kulijibu: je, watu wa hapa watapanda treni ya masafa mafupi? Walipanda mpaka pakakosa pa kukanyaga. Kilichoibana ni idadi ya safari: asubuhi na jioni, kisha kimya. Mama anayeuza samaki Feri huamka usiku, humaliza biashara mchana. Treni ya saa za ofisi haimjui.

Na kuna suala la mlango wa stesheni. Usiku mmoja nilishuka kwenye stesheni moja, siitaji, safari yenyewe ikiwa imenichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nje palikuwa na bajaji nne na abiria zaidi ya mia. Waliokuwa na ndugu wenye gari walikwenda. Sisi wengine tulianza kupanga bei gizani, na bei ilipanda kadiri tulivyozidi kuwa wengi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alilipa kufika nyumbani kwake fedha ambayo sikuamini. Muda ambao treni ilikuwa imetuokolea kwa nyaya na mahandaki ya mabilioni, tuliurudisha wote pale kwenye changarawe, tukiwa tumesimama.

Dar es Salaam imebarikiwa: stesheni yake kuu ipo katikati ya mji, hatua chache kutoka Gerezani ambako mabasi ya mwendokasi hufika. Nairobi haikupata bahati hiyo. Madaraka Express ilipozinduliwa mwaka 2017, stesheni yake iliwekwa Syokimau, nje ya jiji, na ya Mombasa ikawekwa Miritini. Kenya ilitafuta dawa yake: treni ndogo inayotoka stesheni ya zamani ya Nairobi kwenda kuipokea treni kubwa, kwa saa zilizopangwa kulingana nayo. Ni dawa ya kweli, na ingefaa tuichunguze kwa ajili ya Morogoro, ambako stesheni mpya imejengwa Kihonda ilhali mji, soko na ile stesheni ya zamani vimebaki vilipokuwa.

Ila mfano ninaoupenda zaidi uko Afrika Kusini. Gautrain ilianza Juni 2010, kabla tu ya Kombe la Dunia. Upana wa reli yake ni milimita 1,435 kama yetu, mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa kama wetu. Urefu ni kilomita 80, stesheni 10. Tofauti kubwa naiona nje ya stesheni: mabasi ya mradi wenyewe, yenye rangi ileile ya treni, yanayolipiwa kwa kadi ileile, na aliyeshuka kwenye treni hulipa nauli ndogo ya basi kuliko asiyepanda treni. Waliopanga waliona kwamba safari ya mtu inaanzia mlangoni kwake na kuishia mlangoni kwake, na treni ni kipande cha katikati. Gautrain ina lawama zake, ya kwanza ikiwa nauli inayowashinda watu wa kipato cha chini. Mabasi yake, hata hivyo, yangefaa kuigwa kesho.

Sidhani kama hapa kwetu tunahitaji kununua mabasi mapya. Tuna bajaji, bodaboda na daladala, na wenye vyombo hivyo wanajua biashara kuliko ofisi yoyote. Wape sehemu ya kusimama yenye paa na taa, wape ratiba ya treni isiyobadilikabadilika, na LATRA ipange njia fupi zinazoanzia stesheni. Daladala la Gulwe kwenda Mpwapwa likijua kwamba treni inafika dakika ileile kila mara, litakuwepo. Kilosa ni mlango wa nyuma wa Mikumi. Mwenye gari la kupeleka watalii na wafanyakazi wa mashamba atalipeleka pale bila kuamrishwa, mradi abebe watu kila siku na asiende kubahatisha.

Kuna jambo moja ambalo likicheleweshwa halirudi. Ni ardhi. Treni inapoanza kusimama mahali, viwanja huamka. Ruvu na Kwala pameshaanza kubadilika kwa sababu ya bandari kavu. Wafanyakazi watahitaji pa kulala na usafiri wa kuwafikisha kazini. Soga itafuata. Kama halmashauri hazitatenga leo eneo la njia ya pili ya reli, la stendi, la soko na la shule karibu na stesheni, miaka kumi ijayo tutakuwa tunaweka alama nyekundu za X kwenye kuta za watu. Jiji la Dar es Salaam linajua uchungu wa bomoabomoa ya kandokando ya reli. Familia zilizojenga pale hazikujenga kwa ukaidi tu. Nyingi zilijenga kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mapema mstari uko wapi. Mpango wa reli ambao haumo kwenye ramani ya mipango miji ya Kibaha au Kilosa haujakamilika, hata uwe na vitabu kumi.

Nakumbuka pia jambo ambalo wapangaji huliona dogo. Reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa soko refu la kilomita zaidi ya 1,200. Abiria wa daraja la tatu walikuwa wakila nchi dirishani: miwa, machungwa, karanga za kuchemsha, na kuku wa kienyeji wa Saranda ambaye mtu aliyesafiri miaka hiyo bado anamtaja. Mabehewa mapya yana vioo visivyofunguka na viyoyozi, na ni sawa, hakuna anayetaka kurudi kwenye vumbi. Lakini wale akina mama walisomesha watoto kwa treni. Stesheni mpya ina nafasi ya vibanda ndani na nje. Itengwe kwa wenyeji, kwa kodi wanayoimudu, kabla haijakodishwa yote kwa maduka ya soda na biskuti. Na mkulima wa mboga wa Mgeta, ambaye mazao yake hufika masoko ya Dar es Salaam kwa fuso usiku kucha, atengewe behewa la vifurushi kwenye treni ya alfajiri. Mboga iliyopandishwa Morogoro kabla ya mapambazuko ingekuwa mezani kwa mama ntilie wa Kariakoo kabla ya chai ya saa nne.

Ujenzi unaendelea kuelekea Tabora na Mwanza, na upande wa Uvinza kuelekea Burundi. Kila kilomita mpya itapigiwa makofi, na inastahili. Ningeomba tu kwamba kabla vituo vya njiani havijamwagiwa zege, mtu mmoja kwenye kila kikao aulize ni treni ngapi zitasimama pale kwa siku, na saa ngapi.

Kwa Soga, ratiba mimi nimeshaichora. Ni kibao cha bati chenye rangi nyeupe, kimetundikwa ukutani pa stesheni mahali ambapo jua halikifuti. Kinasema: Kwenda Dar es Salaam, saa 11:40 alfajiri, saa 1:40, saa 3:40, saa 5:40, na kuendelea hivyo mpaka usiku. Siku za kazi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Bibi ambaye hakwenda shule atamtuma mjukuu amsomee mara moja tu. Baada ya hapo, akitaka kwenda mjini, atakumbuka dakika arobaini.